Lee-Enfield ya 1917: nyota mbili, namba mbili. Ipi iandikwe kwenye cheti?

Kilima_Ngong

Habari zenu wadau.

Bunduki ni .303 ya zamani ya jeshi, iko kwa muuzaji aliyesajiliwa hapa Nairobi. Kibali cha kuinunua kipo, lakini fomu haijajazwa kwa sababu ya namba. Naruhusiwa kuikagua pale pale kaunta, na kufungua mbao mbele ya fundi wao. Nimenakili alama hivi zilivyo:

Kwenye bangili ya chuma inayoshika kitako, upande wa kulia: taji, G.R., B.S.A. Co (kiwanda cha Birmingham Small Arms), 1917, SHT.L.E., III*.

Kwenye mwili (chuma kikuu ambacho mtutu hufungwa), mbele kulia: herufi moja na tarakimu nne. Namba hiyo hiyo iko kwenye mtutu, lakini pale kwenye mtutu imefuatwa na nyota ndogo ya ncha sita. Nyuma ya mkono wa bolti (chuma kinachosukumwa mbele kuingiza na kufungia risasi) kuna namba tofauti kabisa.

Kwenye mtutu tena: bendera mbili zilizopishana, HV, SC, halafu maandishi madogo ".303 2.222 18.5 TONS" na taji juu ya BNP. Karibu na hapo kuna mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha.

Kitakoni kuna kisahani cha shaba kilichoandikwa 3 K.A.R. na namba. Juu ya kitako, karibu na bati la nyuma, kuna herufi S peke yake.

Maswali: nyota hizi mbili zina maana moja? Bolti yenye namba nyingine ni sababu ya kuiacha? Na kwenye fomu niandike namba ipi?

---

FundiMtutu

Ndugu, umenakili vizuri kuliko wengi. Kabla ya maana ya alama, hakikisha hazikupotei kwa uchafu. Bunduki hizi hukaa na grisi iliyokauka ndani ya herufi, na herufi C huonekana O, 3 huonekana 8. Chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kupigwa) iwe tupu na magazini itolewe kwanza, hilo halina mjadala. Kisha mafuta ya taa kidogo kwenye pamba, mswaki laini, futa, halafu paka chaki nyeupe juu ya alama na upanguse kwa kidole. Chaki hubaki ndani ya mchoro. Mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, mwanga ukilala karibu kugusa chuma, si kutoka juu. Usiruhusu mtu yeyote aje na msasa au brashi ya waya. Chuma kikikwaruzwa karibu na namba, mkaguzi anayefuata atauliza namba ilikuwa inafutwa au la, na hutakuwa na jibu.

Sasa soma kwa mpangilio.

Bangili ya kitako ndiyo cheti cha kuzaliwa cha bunduki. Taji na G.R. ni alama ya Mfalme George V, maana yake ilitengenezwa kwa mkataba wa serikali. B.S.A. hao hao waliuza pia bunduki kwa raia, na hizo hazina taji wala G.R. 1917 ni mwaka wa mwili, si lazima uwe mwaka wa mtutu. SHT.L.E. ni jina fupi la Lee-Enfield fupi. Mwaka 1926 Waingereza walibadilisha majina, bunduki hii ikaitwa Nambari 1, kwa hiyo ukiona "No.1" kwenye bangili ujue ni ya baadaye au ilipigwa chapa upya.

Nyota ya kwanza, ile ya III*, ni sehemu ya jina la modeli. Mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana, waliondoa vitu vilivyochelewesha kiwanda: lile bati la kuzuia risasi za magazini, saiti za pembeni za masafa marefu, na skrubu ya kusogeza saiti ya nyuma kulia na kushoto. Usishtuke ukikuta mwili wa III* bado una ufa wa bati hilo. Viwanda havikubadilika siku moja.

Nyota ya pili, iliyo kando ya namba kwenye mtutu, ni jambo jingine kabisa na ndiyo iliyopaswa kukusimamisha. Mafundi wa jeshi la Uingereza waliipiga mtutu ulipokuwa na kutu ndani iliyoacha vishimo, ili mkaguzi mwingine asidhani vishimo hivyo ni vipya. Haisemi bunduki ni mbovu. Inasema: angalia ndani. Toa bolti, weka kipande cha karatasi nyeupe mahali pa uso wake, mulika karatasi, tazama kutokea mdomoni. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ni mitano na inazunguka kushoto, mzunguko mmoja kila inchi 10. Kingo za mifereji ziwe kali. Vishimo vya kijivu chini ya mifereji ni kawaida kwa mtutu wa umri huu na mara nyingi bado hupiga vizuri. Vishimo ndani ya chemba ni habari nyingine, kwa sababu ganda hupanuka na kushika humo, kisha kulitoa ni shida.

HV inasema saiti zimepimwa kwa risasi ya kasi, yaani Mk VII iliyoingia 1910: kichwa chenye ncha cha greni 174, futi 2,440 kwa sekunde. Ile ya kabla yake, Mk VI, ilikuwa na kichwa butu cha greni 215 na mwendo wa pole zaidi. SC inahusu umbo la koni iliyo mbele ya chemba, iliyorekebishwa kwa risasi hiyo hiyo mpya. Bendera zilizopishana ni majaribio ya kijeshi: mtutu, mwili na bolti vilipigiwa risasi yenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida vikapona. Tafuta bendera hizo kwenye bolti pia. Zikiwapo, bolti ni halali ya jeshi, hata kama haikuzaliwa na bunduki hii.

".303 2.222 18.5 TONS" na BNP ni majaribio ya kiraia ya Birmingham, yaliyofanywa bunduki ilipotoka jeshini kwenda sokoni. 2.222 ni urefu wa ganda kwa inchi. 18.5 ni shinikizo la kazi kwa tani kwa kila inchi ya mraba. Na ile mishale miwili ya ncha kwa ncha ndiyo ushahidi wako mzuri kuliko yote kwa upande wa historia: mshale mmoja ni mali ya serikali, miwili inayogusana ni mali iliyouzwa rasmi.

Herufi S juu ya kitako ni kipimo cha urefu tu. L ni kirefu, S ni kifupi, B ni kifupi zaidi, na kisicho na herufi ni cha kawaida. Hatua ni nusu inchi. Kama mabega yako ni mapana utakihisi.

Kuhusu bolti. Lee-Enfield hufungia nyuma, kwa vijino viwili vya bolti: kimoja ni ubavu mrefu wa kulia, kingine kifupi upande wa kushoto. Kiwandani bolti ilisuguliwa hadi vijino vyote viwili vikaegemea mwili sawasawa, kisha ikapewa namba ya mwili. Bolti ngeni inaweza kuegemea kijino kimoja tu. Hapo nguvu yote inabebwa na upande mmoja, shabaha inatawanyika, na baada ya muda kijino kinalika. Mwambie fundi apake wino wa kalamu nzito nyuma ya vijino vyote viwili, aingize bolti, aifunge na kuifungua mara kumi huku akiivuta nyuma kidogo. Wino uwe umefutika pande zote mbili. Ukifutika upande mmoja tu, bolti hiyo haijakaa.

Halafu geji, yaani vipande vya chuma vya kupimia nafasi kati ya uso wa bolti na chemba. .303 ni ganda lenye ukingo, na nafasi hupimwa kwa unene wa ukingo huo. Geji ya inchi 0.064 lazima bolti ifunge juu yake. Geji ya 0.074 lazima igome. Safisha chemba na uso wa bolti kwanza, toa pini ya kufyatulia kama kifaa kipo, na utumie vidole viwili tu. Ukisukuma kwa kiganja utafunga bolti juu ya geji yoyote ile na utajidanganya.

Ikifunga juu ya 0.074, dawa ni kichwa cha bolti kirefu zaidi. Kwenye Nambari 4, Lee-Enfield ya baadaye, kazi hiyo ni rahisi kwa sababu vichwa vina namba 0, 1, 2 na 3, kila kimoja kikizidi mwenzake kwa takriban elfu tano za inchi. Kwenye bunduki yako vichwa havina namba. Ni kujaribu kimoja baada ya kingine, na muuzaji mwenye kisanduku cha vichwa vingi ndiye atakayekufaa.

---

Bi_Karani

Kwa upande wa karatasi, kwa sababu hapo ndipo watu hupata taabu wasiyostahili.

Namba ya bunduki ni ile ya kwenye mwili. Si ya bolti, si ya kisahani cha shaba, si ya saiti. Bolti na mtutu hubadilishwa, mwili haubadilishwi. Na herufi iliyo mbele ni sehemu ya namba. Viwanda vilihesabu hadi kukaribia elfu kumi, kisha vikaanza tena na herufi A, B, C na kuendelea. Maana yake B.S.A. ya 1917 yenye tarakimu zile zile nne inaweza kuwapo na A, na E, na K. Fomu ikiandikwa tarakimu bila herufi, cheti chako kinaelezea bunduki kadhaa kwa pamoja, na afisa akiona herufi kwenye chuma isiyokuwa kwenye kadi atakuwa na haki ya kusimamisha kila kitu.

Sheria ya Bunduki, Sura ya 114, inataka cheti kabla ya kumiliki, si baada. Kwa hiyo umefanya vyema kuiacha kwa muuzaji. Kosa la namba lirekebishwe fomu ikiwa bado mezani. Kulirekebisha baadaye ni safari nyingine ya kwenda Bodi ya Leseni za Silaha na maelezo ya maandishi.

Jambo la pili: tafuta alama mpya kabisa, iliyochomwa kwa vitone vidogo vidogo na mashine, tofauti na herufi hizi za kugongwa kwa nyundo. Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004 kuhusu silaha ndogo inazitaka nchi wanachama zitie alama silaha zote za serikali, na RECSA, kituo cha kikanda cha silaha ndogo, ambayo makao yake yako hapa hapa Nairobi, ilisaidia nchi kupata mashine za kazi hiyo. Ukiona alama ya vitone yenye utambulisho wa nchi, hiyo huenda ni silaha ya dola, iwe ya Kenya au ya jirani. Haijalishi mishale miwili ya Birmingham inasemaje: pengine iliuzwa kwa serikali nyingine baada ya kutoka Uingereza. Usiilipie. Mwambie muuzaji mbele ya shahidi, na suala liende polisi kupitia kwake.

Na unapopiga picha za kuomba ushauri mtandaoni, funika tarakimu mbili za mwisho.

---

Shabaha_Juja

Nakubaliana na waliotangulia. Naongeza alama ambazo Kilima_Ngong hakuzitaja lakini azitafute kabla ya kutoa pesa, kwa sababu baadhi yake zinamaliza biashara pale pale.

DP. Ni bunduki ya gwaride na mafunzo tu. Hupigwa kwenye mwili, mtutu, bolti na mbao, lakini mbao zinaweza kubadilishwa na rangi ikafunika chuma, kwa hiyo angalia zote. Nyingine zimetobolewa chemba au pini imekatwa. Nyingine hazijaguswa kabisa, zikaonekana nzima, na hizo ndizo hatari zaidi kwa sababu jeshi lilizikataa kwa kasoro usiyoiona. DP hairudishwi kazini. Usimsikilize anayesema "nitakuzibia tundu." Kwa Nambari 4 kuna pia L59A1, hiyo iligeuzwa makusudi isiweze kupiga.

EY. Si mbovu kama DP, lakini ilihukumiwa kuwa ya dharura tu au ya kurushia magurunedi. Za India mara nyingi zimefungwa waya wa shaba kuzunguka mti wa mbele. Kurusha magurunedi kunachosha mwili wa bunduki. Ya kuweka ukutani, sawa, kama cheti kinaruhusu. Ya kwenda nayo kwenye uwanja wa shabaha kila mwezi, hapana.

.410. Kiwanda cha Ishapore, India, kiligeuza .303 nyingi zikawa na mtutu laini wa kupiga risasi moja moja kwa ajili ya polisi, na magazini imezibwa kwa kipande cha mbao. Kwa nje ni Lee-Enfield kamili. Mulika mtutu: usipoona mifereji, umeijua.

7.62. Hizi pia ni za Ishapore, modeli 2A ya kuanzia 1963 na 2A1 iliyofuata. Zina sura ile ile lakini magazini yake ina kona za mraba na inabeba 12. Bangili yake huwa na RFI na neno 7.62MM. .303 na 7.62 hazibadilishani hata kwa bahati mbaya. Ukiwa na mashaka usitie chochote chemba.

Na bandia. Zile za kutengenezwa kwa mkono mpakani mwa Pakistani na Afghanistani husambaa mbali sana. Aliyechonga muhuri mara nyingi hakujua kusoma Kiingereza: N imegeuka kinyume, ENFIELD imekosa herufi, taji limekaa upande, kina cha herufi kinapanda na kushuka. Njia ya haraka ni kulinganisha mfalme na mwaka. V.R. ni Malkia Victoria aliyefariki Januari 1901. E.R. ni Edward VII hadi 1910. Baada yake G.R. Bangili yenye V.R. na 1919 haiwezekani. Chuma chake ni laini, vijino vya bolti vinabonyea.

Yako imepita mtihani huo: G.R. na 1917 vinakubaliana.

---

FundiMtutu

Shabaha_Juja, nyongeza moja ili mtu asiache bunduki nzuri: V.R. pamoja na SHT.L.E. inaweza kuwa halali kama kuna pia neno ConD. Hizo ni Lee ndefu za zamani zilizogeuzwa kuwa fupi, mwili ukabaki na alama ya Victoria. Kinachoangusha ni V.R. yenye mwaka wa baada ya 1901 kama mwaka wa kutengenezwa.

Pia viwanda vya 1917 na 1918 havikuwa vitatu tu. Mbali na ENFIELD, B.S.A. na L.S.A., utakuta S.S.A. na N.R.F. Si bandia.

---

Shabaha_Juja

Kweli, nimekubali la ConD.

Kuhusu kisahani cha 3 K.A.R.: batalioni ya 3 ya King's African Rifles ndiyo ya Kenya, 4 ilikuwa Uganda, 6 Tanganyika. Kwa hiyo kinapendeza na kinaingiana na mahali bunduki ilipo. Lakini kinashikwa na skrubu moja tu. Mtu anaweza kukihamisha kwa dakika moja, na bunduki yenye kisahani hupandishwa bei. Angalia mbao chini yake: kama kisahani kimekaa miaka mingi, kingo za kishimo zitakuwa nyeusi na zimekibana. Mbao nyeupe au nafasi ya kuchezacheza ni dalili ya kuwekwa juzi. Usilipe zaidi kwa ajili yake.

Mshale nao una majirani. Mshale ndani ya C ni Kanada, ndani ya U ni Afrika Kusini, D pande zote mbili ni Australia, ukiwa na I chini yake ni India. Mmoja wa hizi juu ya B.S.A. yako ungeonyesha ilipita wapi.

---

Kilima_Ngong

Asanteni sana. Tumekagua leo na fundi wa duka.

Hakuna DP, EY wala alama ya vitone. Geji ya 0.064 bolti imefunga, ya 0.074 imegoma ikibaki kama theluthi ya safari ya mkono. Bendera zipo kwenye bolti. Wino umefutika vizuri kijino cha kulia, cha kushoto umefutika nusu yake. Mtutu una vishimo vya kijivu kuanzia kama inchi tatu mbele ya chemba hadi katikati, mdomoni ni safi. Chemba yenyewe inang'aa.

Mawili yamebaki. Kitako kinacheza kidogo, fundi anataka kukaza boliti yake ndefu (ile skrubu inayofunga kitako kwenye bangili, si bolti) kwa bisibisi kupitia tundu la nyuma. Na ndani ya mti wa mbele, sehemu inayogusa bangili, kuna ufa mfupi.

---

FundiMtutu

Mwambie aweke bisibisi chini sasa hivi, tafadhali.

Kwenye modeli hii mwisho wa boliti ya kitako ni wa mraba, na mraba huo unaingia kwenye kibati kilicho nyuma ya mti wa mbele. Kibati kipo ili boliti isilegee. Ukizungusha boliti mti wa mbele ukiwa mahali pake, mraba unazunguka ndani ya kibati na kuupasua mti. Ufa uliouona pale pale ndiyo njia yake, kuna aliyewahi kufanya hivyo. Utaratibu ni: toa mti wa mbele kwanza, kaza kitako, na umalizie mraba ukiwa umesimama sawa na kibati, usiwe umekaa pembe. Kisha rudisha mti. Nambari 4 nyingi hazina mraba huo, ndiyo sababu fundi aliyezoea hizo husahau.

Kutoa mti: magazini nje, kofia ya mbele itoke baada ya skrubu zake mbili, pete ya katikati, bati la kifyatulio na skrubu zake, halafu skrubu ya ndani iliyo chini ya mti yenye spring. Spring hiyo isipotee. Pia kuna kidude chenye spring yake ndani ya mdomo wa mti, kinachosukuma mtutu juu. Kikikosekana bunduki hupiga pasipo mpangilio, na wengi hulaumu mtutu bure. Vuta mti chini kwa usawa mbele na nyuma, usiupinde.

Huo ufa usiachwe. Karibu na pale ndipo mbao inapopokea teke la bunduki. Ufa ukikua, mti unasogea kwa nywele chache kila risasi na shabaha inahama. Osha mafuta yaliyozama kwa spiriti mara kadhaa, ikauke siku mbili, kisha gundi ya epoksi yenye vipande viwili na pini nyembamba ya shaba ipite kwenye ufa. Gundi nyeupe ya seremala haishiki mbao yenye mafuta. Na kazi hii ya mti unaweza kuipeleka kwa seremala mzuri ukiwa na mti peke yake mkononi, lakini chuma kibaki kwa muuzaji. Mafundi wa Kamukunji wana mikono ya ajabu kwa vyuma, ila ukarabati wa bunduki ni wa waliosajiliwa peke yao.

Wino wa nusu kijino cha kushoto unakubalika kwa kuanzia. Kagua tena baada ya risasi hamsini. Ikibaki hivyo hivyo, endelea. Usikubali mtu apige tupa kijino cha kulia ili kusawazisha. Ukikosea unene wa nywele, nafasi ya geji imekwenda na haitarudi.

Vishimo vyako ni vile nyota ilivyoahidi. Mtutu kama huu hukusanya shaba haraka, kwa hiyo safisha kila risasi ishirini, na upime shabaha kwa vichwa vya risasi vya .311 au .312. Vya .308 vitapita vikicheza.

Ukipewa risasi za zamani za jeshi, soma kitako cha ganda. VII ni modeli, tarakimu mbili ni mwaka, na Z ikiwapo ni baruti ya nitroselulosi badala ya kodaiti, baruti ya zamani. Fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda) za miaka hiyo huacha chumvi, na mafuta ya bunduki hayaondoi chumvi. Maji ndiyo huyeyusha. Mimina maji yanayochemka kutoka chemba kwa faneli, kiasi cha nusu lita mara mbili, mtutu ukauke kwa joto lake wenyewe, pitisha kitambaa kikavu, ndipo upake mafuta. Fanya siku ile ile. Nairobi msimu wa masika, usiku mmoja unatosha kwa kutu mpya ndani ya vishimo vya zamani.

Ukianza kuokota maganda yako, tazama kama kuna mstari unaong'aa kuzunguka ganda karibu sentimita moja juu ya ukingo. Waya uliokunjwa ncha, ukiupitisha ndani, utahisi mfereji hapo hapo. Ganda hilo litakatika mara nyingine na nusu yake kubaki ndani ya chemba. Litupe, usilijaze tena.

---

Bi_Karani

Kilima_Ngong, fomu iandikwe hivi, kwa mpangilio huu: aina, bunduki ya bolti; mtengenezaji, B.S.A. Co; modeli, SHT.L.E. III*; mwaka, 1917; kipimo, .303; namba, herufi na tarakimu nne za mwilini kama zilivyo, bila nafasi wala mkwaju kati yake. Nyota ya mtutu usiiandike kama sehemu ya namba. Ni kosa la kawaida sana karani akinakili kutoka kwenye mtutu badala ya mwili, na namba yenye nyota haitapatikana popote ikitafutwa.

Kwenye nafasi ya maelezo, kama fomu unayopewa inayo, ongeza: "Bolti ina namba tofauti," kisha uitaje kamili. Muuzaji aandike maneno hayo hayo kwenye risiti na kwenye kitabu chake. Picha tatu zibaki kwenye faili: bangili, namba ya mwili, namba ya mkono wa bolti, zote siku moja na kabla hujaichukua.

Soma kadi yako mbele ya karani kabla hujatia saini, herufi kwa herufi, bunduki ikiwa wazi mezani.